Aliyeanguka Akirudi Darasani, Nani Ameonewa?

Wiki hii naomba tuliangalie swali ambalo limekuwa likizunguka kati yetu tangu ukumbi wa kanisa uanze kutumika kwa masomo ya jioni. Swali lenyewe sikulitunga mimi. Nimelisikia kwa wazee, nimelisikia kwa akina mama wakingojea chai baada ya ibada ya pili, na kuna ndugu mmoja aliyeniuliza waziwazi: "Mwalimu, mbona tunawahangaikia hawa waliochezea shule, na watoto wetu waliotulia wakasoma hakuna hata wa kuwapa pongezi?"

Ni swali halali. Anayeliuliza si mtu mwenye roho mbaya. Mara nyingi ni mzazi aliyeuza ng'ombe wa mwisho ili mtoto wake amalize kidato cha nne, na mtoto akamaliza. Ukimwambia tu "ndugu, tupendane," hujamjibu, umemnyamazisha. Mimi nilifundisha hisabati shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa nafundisha hapo ukumbini Jumanne na Alhamisi, kwa hivyo nina upande wangu katika jambo hili na sitauficha. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe anastahili jibu.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya akina nani. Ukisikia watu wakisema "darasa la walioshindwa," utadhani ukumbi umejaa wavuta bangi. Hebu njoo Alhamisi uone. Yuko binti aliyejifungua akiwa kidato cha pili. Yuko kijana wa bodaboda aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara nyingi hata siku moja akaamua asirudi tena, na hakuna aliyemfuata. Yuko mama wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa nyumbani, ambaye alipomaliza darasa la nane aliambiwa zamu ni ya kaka zake. Yuko fundi wa mjengo. Na wapo vijana wawili ambao, kusema kweli, walichezea shule: walikuwa kwenye mgomo ulioishia kwa bweni kuchomwa. Wote hawa tunawaita jina moja, "walioanguka." Wengi wao hawakuanguka, walisukumwa. Mwingine alisimama tu njiani akaachwa. Kabla hatujauliza kama wanastahili, afadhali tukubali kwamba neno lenyewe tumelitumia kwa uvivu.

Nchini mwetu njia za namna hii ni nyingi kuliko tunavyodhani. Wazazi wetu walijua ngumbaru, darasa la watu wazima kujifunza kusoma na kuandika, na jina lile lilikuwa na kejeli ndani yake. Siku hizi vituo vya elimu ya watu wazima vinafika hadi sekondari. Wafungwa katika magereza kama Kamiti, Naivasha na Shimo la Tewa hufanya mtihani wa KCSE. Vijana waliopelekwa na mahakama kwenye taasisi za borstal, kama ile ya Shikusa kule Kakamega, huendelea na masomo. Kaunti ya Kajiado kuna shule iitwayo Greenland Girls, iliyoanzishwa kwa ajili ya wasichana wajawazito na wale waliokwisha kuzaa, na watoto wao hutunzwa hapo hapo mama akiwa darasani. Halafu kuna maelfu wasio na shule yoyote, wanaojiandikisha kama watahiniwa wa kibinafsi na kusoma usiku, kwenye vibanda, kwenye simu, kwenye kumbi kama yetu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mwishoni mwa njia hizo zote mtihani ni uleule. Baraza la Mitihani halina KCSE ya walioanguka. Masomo ni yale yale saba au zaidi, karatasi ni zile zile, na anayesahihisha hajui kama aliyeandika alikuwa na mtoto mgongoni. Nasisitiza hapa kwa maana lawama nyingi zinaanzia hapa. Watu hufikiri kwamba kumsaidia aliyechelewa ni kushusha mlima. Mlima haujashuka hata futi moja. Kilichobadilishwa ni njia ya kuupanda.

Nitaeleza inavyofanyika, kwa maana ndipo utaona tofauti. Shule ya kawaida imejengwa juu ya saa. Kengele inalia, lango linafungwa, aliyechelewa anaadhibiwa. Huo ni utaratibu mzuri kwa mtoto ambaye kazi yake pekee ni kusoma. Lakini kijana wa bodaboda anapata pesa yake nzuri kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, watu wakitoka kazini. Ukimwambia aje saa kumi na mbili na nusu, umemwambia achague kati ya hisabati na unga. Sasa tunafanya hivi: naanza somo saa kumi na mbili na nusu na walio tayari, halafu saa mbili kasoro nalirudia tangu mwanzo kwa waliofika baadaye. Wale wa kwanza wakati huo wanafanya mazoezi, na mara nyingi wao ndio wanaowaeleza wenzao. Sijawahi kuona wanafunzi wakielewa hesabu haraka kama wanapolazimika kumfundisha mtu aliyekuja akinuka petroli.

Jambo la pili ni pale pa kuanzia. Kwenye shule ya kawaida mwalimu wa kidato cha tatu anafundisha ya kidato cha tatu, hata kama nusu ya darasa ilipotelea kwenye sehemu za darasa la sita. Hana la kufanya, silabasi inamkimbiza. Hapa tunarudi hadi pale mtu alipopotelea. Yule kijana wa bodaboda anajua faida yake ya siku hadi shilingi ya mwisho, akitoa mafuta, akitoa ya mwenye pikipiki, akitoa ya chama. Ukimwandikia hesabu hiyo hiyo kwa herufi ubaoni, anaganda. Ilichukua jioni tatu kumwonyesha kwamba x ni mafuta. Siku alipoona, alicheka kwa sauti hata mlinzi wa lango akaja kuangalia kuna nini.

Jambo la tatu ni dogo na ndilo gumu: kuna mtu anayeuliza uko wapi. Mwanafunzi akikosa siku mbili, mmoja wetu anapiga simu. Si kumkemea, ni kuuliza tu. Wengi wa hawa waliacha shule wakingoja mtu aulize, na shule yenye wanafunzi mia nane haiwezi kumuuliza kila mmoja. Siwalaumu walimu wenzangu. Nimekuwa mmoja wao, na najua daftari la mahudhurio linavyoweza kuwa ukuta wa majina.

Sitaki kudanganya mtu kwamba kila kitu ni kizuri. Kemia inatusumbua, kwa maana ina karatasi ya vitendo na ukumbi hauna maabara. Tunaazima ya shule jirani Jumamosi, wanapotuachia. Mvua ikinyesha, darasa linapungua nusu. Wapo waliokuja wiki mbili wakapotea, na simu haishikwi.

Sasa turudi kwa ndugu yangu na swali lake. Kuna methali tunayoipenda sana sisi wazazi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, huvunjika. Lakini sikiliza methali inasema nini na haisemi nini. Inasema ataumia. Haisemi aachwe pale chini ya mti. Hakuna mtu wa kijiji chochote ninachokijua ambaye, akimkuta mtoto mkaidi amevunjika mguu, hukaa kwanza kuhesabu kama watoto watiifu watajisikiaje akipelekwa hospitali.

Yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu hakukosea hesabu. Alifanya kazi kweli, alitii kweli, na hakuna mahali baba yake anamwambia ni mwongo. Wala hakunyang'anywa kitu; shamba lilibaki lake. Ukimchunguza sana utaona kwamba kilichomchoma hakikuwa kitu alichopungukiwa. Ni kile alichopata mwingine. Basi nauliza kwa upole: mtoto wako aliyemaliza kidato cha nne akapata C yake safi, alama hiyo imepungua nini binti huyu akipata C miaka mitano baadaye? Alama si mkate. Akikatiwa mwingine, cha kwako hakipungui.

Lakini pesa ni mkate. Hapa nataka kuwa mwaminifu, kwa maana wanaotetea masomo haya hupenda kulipita jambo hili kwa haraka. Sanduku la karo la kanisa lina kiasi fulani na si zaidi. Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia ada ya mtihani, tofauti na mwenzake aliye shuleni ambaye serikali imekuwa ikimlipia, na tukiamua kuwasaidia, shilingi hiyo itatoka mahali. Ikitoka kwenye sanduku la karo, kuna mtoto wa sekondari atakayesubiri. Huyo ana haki ya kulalamika na sitamwambia ananung'unika. Jibu langu ni kwamba wote wapange foleni moja, na kamati isiulize "huyu aliwahi kukosa nini?" bali "huyu amezuiliwa na nini, na shilingi ngapi zinaweza kukiondoa?" Kwa swali hilo, mara nyingine mtoto huyo wa sekondari atatangulia. Mara nyingine binti ambaye amebakiza ada ya mtihani pekee ndiye atakayetangulia. Nitakubali yote mawili.

Hebu tuangalie pia tunavyogawa huruma yetu. Mwaka 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo kule Eldoret akiwa na miaka 84. Nchi nzima ilifurahi, na mwaka uliofuata alifika hadi New York kuzungumza juu ya elimu. Wengi wetu hatukusema anawanyang'anya watoto dawati. Naye alichelewa miaka zaidi ya sabini! Sasa binti wa miaka kumi na saba anachelewa miaka miwili, na tunamdai maelezo. Kwa nini? Kwa sababu tunaona mzee alinyimwa na binti alijinyima. Kwa hiyo tunachopima hapo ni kosa. Shule haimo kabisa katika mizani hiyo.

Na tukisema tunapima kosa, basi tulipime sawasawa. Mimba haina mzazi mmoja. Kijana aliyehusika, kama ni mwanafunzi, Jumatatu yuko darasani, mkono juu, akijibu maswali. Kama ni mtu mzima, yuko kazini, na pengine yuko kwenye viti vyetu Jumapili. Mzigo wote wa miaka ile miwili unabebwa na mmoja. Yule anayemwuliza binti "kwa nini upewe nafasi ya pili?" ajue kwamba mwenzake hajawahi kupoteza nafasi ya kwanza.

Wale vijana wawili wa mgomo ni jambo jingine, na sitawachanganya na huyu. Kuna shule ilipoteza bweni, kuna watoto waliopoteza masanduku na vitabu, na mzazi mmoja wa vijana hawa bado analipa. Kuna aliyesema watubu kwanza ndipo wafundishwe. Nafikiri hapo tunachanganya vitu viwili. Hisabati haisamehe dhambi. Kijana akikaa kwangu jioni nzima akitafuta eneo la duara, deni lake kwa waliounguliwa liko pale pale, na siku atakayoenda kuomba msamaha ataenda kwa miguu yake. Kumnyima masomo hakumlipi aliyeunguliwa hata godoro moja. Hata sheria ya nchi imeliona hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kufukuzwa shule isipokuwa njia nyingine zote za kumrekebisha zimeisha na yeye na mzazi wake wamesikilizwa. Na hata hapo, inasema apelekwe kwenye taasisi ya kurekebisha iliyo ndani ya mfumo wa elimu. (Msidanganywe na jina: "elimu ya msingi" katika sheria hiyo inafika hadi kidato cha nne.) Hakuna mahali inasema aachwe barabarani.

Lakini lipo upande wa pili jambo linalonitia wasiwasi kuliko manung'uniko ya wazazi, nalo ni shule zenyewe kutufurahia kupita kiasi. Mwalimu mkuu akijua kwamba kuna darasa la jioni kanisani, inakuwa rahisi kumwambia mzazi, "Mpeleke kule, watamwelewa." Hamfukuzi mtu, anamwandikia tu barua ya uhamisho na kumtakia heri. Wastani wa shule unabaki mzuri, na sisi tunapokea. Hapo tumekuwa jaa la shule, na tunaliita huduma.

Jirani zetu Tanzania walilipitia hili kwa ukubwa wa taifa. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba wakati wa utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi shule. Wasichana hao wakaelekezwa njia mbadala: vituo vya elimu ya watu wazima, vyuo vya ufundi, mtihani wa kujitegemea. Walimu wa vituo hivyo, naamini, walikuwa watu wazuri kama walimu wetu, na wapo wasichana waliofaulu kupitia kwao. Ila kituo kile kile, na ubao ule ule, kilikuwa kimegeuzwa kuwa sehemu ya adhabu, kwa sababu mlango mkubwa ulikuwa umefungwa nyuma ya binti. Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ikatangaza kwamba wanaweza kurudi shule za kawaida. Vituo havikufungwa. Lakini sasa aliyekwenda huko alikuwa amechagua.

Kwetu Kenya, sera ya kumruhusu msichana kurudi shule baada ya kujifungua iko tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpana zaidi wa kuwarudisha shuleni walioacha kwa sababu mbalimbali, si mimba pekee. Sheria na mwongozo vipo, ila mzazi hajui, na asiyejua hukubali chochote anachoambiwa ofisini. Kwa hiyo sasa, mzazi akinijia na mtoto wa miaka kumi na sita, jambo la kwanza simwandikishi. Namwuliza: je, mmeenda shuleni kuomba arudi? Mmeambiwa nini, na nani? Kama hawajaenda, tunaenda pamoja, mwongozo mkononi. Wawili tumewarudisha hivyo mwaka huu, na sijawaona tena ukumbini, jambo ambalo linanifurahisha. Darasa la jioni ni la yule ambaye maisha yake hayawezi tena kuingia kwenye kengele ya shule: mwenye mtoto na hana wa kumwachia, mwenye kazi inayolisha wengine, aliyepita umri. Kumpeleka huko anayeweza kurudi darasani mwake ni kumkosesha.

Nasi kanisani tujiangalie kidogo. Tuna desturi ya kumkalisha binti wa namna hii kiti cha nyuma, kumwondoa kwaya, kumfanya asisalimie watu. Sisemi kanisa lisiwe na nidhamu. Hilo liko mikononi mwa wachungaji. Nasema tu yale ninayoyaona: binti ambaye Jumapili anaingia kwa mlango wa pembeni, Jumanne anaingia darasani kwa mlango huo huo, na inanichukua majuma kadhaa kabla hajainua mkono kuuliza swali. Hesabu haiwezi kumwingia mtu anayejaribu asionekane. Mkitaka darasa hili lifanye kazi, msalimieni Jumapili.

Kuna haraka pia. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wengi wa watu wetu hawa ni wa mfumo huo, na hawana miaka ya kusubiri tukubaliane.

Tunachohitaji kwa sasa ni mwalimu wa Kiswahili wa kujitolea Alhamisi, taa mbili za upande wa kushoto, na zaidi ya yote mama mmoja au wawili wa kukaa na watoto katika chumba cha Shule ya Jumapili, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu usiku. Watoto ni watatu. Mkubwa ana miaka miwili, na yule mdogo analia sana.